Unaposikiliza Spika Dukani, Unasikia Nini Hasa?

Chukua amplifaya moja, ichezeshe wimbo, kisha rudia wimbo uleule huku sauti imepandishwa kidogo tu, tuseme nusu desibeli (desibeli ni kizio cha kupimia ukubwa wa sauti). Ni wachache sana watakaosema kwamba sauti imepanda. Watakachosema ni kwamba mara ya pili besi imeshiba, mwimbaji amesogea mbele, vyombo vimeachana vizuri zaidi. Ukiwaambia kwamba mara ya pili ilikuwa amplifaya nyingine ya bei ya juu, watakubali bila ubishi, na huenda mmoja wao akaanza kupapasa pochi. Masikio yao hayana kosa. Jaribio ndilo bovu.

Ugumu wa kuchagua vyombo vya sauti vya daraja la juu umejificha hapo. Ushauri unaotolewa kila mara ni kusikiliza kwa makini, kufumba macho, kutafuta "joto" na "hewa" na "jukwaa", kana kwamba shida ni uvivu wa masikio. Shida ni kwamba kinachofika sikioni dukani ni mchanganyiko. Chombo kimo, lakini kimo pia kiwango cha sauti, chumba, rekodi aliyoichagua muuzaji, na yale ambayo macho yameshayaona kabla ya noti ya kwanza kulia. Kazi ya mnunuzi ni kuviondoa hivyo vingine kimoja kimoja mpaka kibaki chombo. Kingine huondoka kwa dakika mbili. Chumba hakiondoki kabisa, na lazima ujue namna ya kuishi nacho.

Kiwango cha sauti ndicho rahisi kurekebisha, na ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo yenyewe hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Sauti ikiwa ndogo, besi hufifia mapema. Ukiipandisha, besi hurejea kwa kasi kuliko sauti za kati, na muziki uleule kwenye chombo kilekile unaonekana umenenepa. Ndiyo maana chombo chenye sauti kubwa kidogo hushinda karibu kila mashindano ya dukani.

Tena mara nyingi hushinda bila mtu yeyote kukusudia hila. Kila spika ina kipimo cha wepesi wake wa kutoa sauti: ukiipa wati 1 na kuipima umbali wa mita 1, inatoa desibeli ngapi? Spika moja ikiwa na desibeli 86 na jirani yake desibeli 90, muuzaji akibonyeza swichi kutoka moja kwenda nyingine bila kugusa kitufe cha sauti, ya pili inaruka juu kwa desibeli 4. Hizo ni nyingi mno. Ukikaa hapo ukazilinganisha "ubora", unalinganisha kitu kingine kabisa.

Dawa yake haihitaji maabara. Kwa spika, weka kwenye simu programu ya kupimia sauti, chezesha kelele ya pinki (ule mvumo wa "shhh" wenye nguvu sawa katika kila oktavu, faili zake zinapatikana bure), shika simu pale kichwa chako kitakapokuwa, kisha rekebisha sauti mpaka spika zote mbili zisome namba moja. Simu inaweza kuwa imekosea namba yenyewe, lakini itakosea vilevile kwa zote mbili, na hicho ndicho unachokihitaji. Ukifika ndani ya nusu desibeli, inatosha, maana spika mbili haziwezi kulingana kila mahali. Kwa amplifaya na vigeuzi vya dijitali (vyombo vinavyogeuza faili ya muziki kuwa mawimbi ya umeme) masharti ni makali zaidi, kwa sababu tofauti zake ni ndogo. Hapo hutumika mita ndogo ya kupimia volti (multimita): chezesha toni ya Hz 1,000 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), pima volti kwenye vituo vya nyaya za spika, kisha fanya hivyohivyo kwa amplifaya ya pili. Volti 2.00 dhidi ya 2.05 ni tofauti ya desibeli 0.2, na mafundi makini huona hata hiyo ni nyingi. Muuzaji anayekasirika ukitoa mita mfukoni ameshakueleza jambo.

Halafu sikiliza kwa kiwango unachotumia wewe nyumbani, si kile cha kushtua wageni. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu asizidishe saa 40 kwa wiki akisikiliza desibeli 80, na maonyesho mengi ya dukani huenda juu ya hapo. Spika ambayo huchangamka ikipigwa kwa nguvu tu itakuchosha au itakaa imenyamaza.

Sasa chumba. Hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chukua chumba chenye urefu wa mita 5: wimbi la sauti linalolingana na mara mbili ya urefu huo ni la Hz 34, na chumba kitalikuza wimbi hilo kila linapotokea. Upana ukiwa mita 4, chumba kitakuwa na mkazo mwingine kwenye Hz 43. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hulia kwenye Hz 41. Kwa hiyo mpiga besi akishuka kwenye noti zake za mwisho, baadhi zitavuma kama zimetolewa na spika kubwa maradufu na nyingine zitasikika za kawaida, na spika haihusiki. Zaidi ya hayo, mkazo huo hausambai sawasawa chumbani. Katika wimbi la kwanza la urefu wa chumba, shinikizo la sauti huwa kubwa kwenye kuta mbili na dogo kabisa katikati. Aliyeketi na mgongo ukutani anasikia besi inayotetemesha kiti. Aliyeketi katikati ya chumba anauliza besi imekwenda wapi.

Umbali wa spika na ukuta wa nyuma yake nao una neno lake. Spika ikikaa mita 1 mbele ya ukuta, sauti nzito inayozunguka nyuma yake hugonga ukuta na kurudi ikiwa imetembea mita 2 za ziada. Kwa wimbi la Hz 86, ambalo lina urefu wa karibu mita 4, hiyo ni nusu ya wimbi hasa, hivyo linaporudi linapingana na lile linalotoka mbele na kupunguza nguvu yake. Sogeza spika, na shimo hilo linahamia kwenye masafa mengine. Spika zilezile, amplifaya ileile, wimbo uleule.

Katika vyumba vya makazi, chini ya Hz 200 au 300 hivi, chumba ndicho mpigaji mkuu. Juu ya hapo spika inaanza kujieleza yenyewe. Hii inakupa kanuni ya kazi: hukumu za besi ulizozitoa dukani ziweke kando, na hukumu za sauti ya mwanadamu, za ala za shaba kama tarumbeta, za matoazi na za gitaa la nyuzi zibebe uende nazo. Kabla ya kwenda, pima chumba chako, urefu, upana na kimo, na uandike spika zitakaa umbali gani kutoka ukutani. Kama nyumbani zitakaa sentimita 20 tu kutoka ukutani na dukani zimesimamishwa katikati ya chumba kilichosheheni vinyonya sauti, omba zisogezwe. Zikianza kuvuma, umejua jambo ambalo maonyesho yaliyopangwa vizuri yangekuficha.

Kiti nacho kina nafasi yake. Spika mbili na kichwa chako vitengeneze pembetatu yenye pande zinazokaribiana, na masikio yawe usawa wa twita, ile sehemu ndogo ya spika inayotoa sauti nyembamba. Kisha simama, msikilize mwimbaji, keti tena. Nenda pembeni, kaa pale atakapokaa mgeni wako. Ikiwa sauti inabadilika rangi kupita kiasi kila unaposogea, spika hiyo inamwaga sauti isiyo sawa kuelekea pembeni, na sauti hiyo ya pembeni ndiyo itakayogonga kuta zako na kurudi masikioni. Hili halitoki kwa kuweka zulia.

Tufike kwenye macho, ambapo wapenzi wa muziki hukasirika. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya vyombo vya sauti ya Harman, waliwasikilizisha wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika nne, mara wakiziona na mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, spika kubwa zenye sura ya thamani zilipanda alama, na seti ndogo ya bei nafuu ikashuka. Pazia lilipowekwa, tofauti hiyo ilipungua sana. La kushangaza zaidi ni kwamba spika zilipoonekana, wasikilizaji karibu waliacha kuitikia hata mabadiliko halisi ya sauti yaliyoletwa na kuhamisha spika kutoka sehemu moja ya chumba kwenda nyingine. Walikuwa wameshaamua. Na hawa hawakuwa wapita njia. Walikuwa watu wanaokula mkate wa kazi hiyo.

Mbinu ya kutumia onyesho kuwaamulia watu watakachosikia si ngeni. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Thomas Edison ilizunguka Marekani na maonyesho ambamo mwimbaji alisimama jukwaani kando ya gramafoni, akaimba, akanyamaza, na mashine ikaendelea. Hadhira ikaambiwa itambue kipi ni kipi. Watu wengi walisema hawaoni tofauti, kwa gramafoni ya makanika isiyo na hata kipande cha umeme. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiibana sauti yake ifanane na ya mashine. Anayepanga maonyesho ndiye anayeamua utasikia nini.

Je, ufunike kila kitu kwa pazia? Kwa spika sioni haja. Spika mbili hutofautiana kiasi kwamba mtu yeyote atazitofautisha. Swali ni ipi unaipenda, na kwa hilo kumwomba mwenzako abadilishe swichi huku umegeuza uso inatosha. Kwa amplifaya, vigeuzi vya dijitali na nyaya, mimi nasimama upande wa pazia bila aibu. Panga viwango kwa mita, mpe mwenzako swichi na sarafu ya kurusha ili asichague mwenyewe, kisha ujaribu kutambua kipi kinacheza mara 10. Ukipatia 9 au zote, uwezekano wa kuwa umebahatisha ni karibu asilimia 1, na unayo sababu ya kulipa zaidi. Ukipatia 6, hujashindwa mtihani. Umeokoa pesa za kununulia spika bora.

Jaribio kubwa la aina hii lililotajwa sana ni la Brad Meyer na David Moran, lililochapishwa mwaka 2007. Walichukua rekodi za ubora wa juu na kuzipitisha, bila wasikilizaji kuona, katika mkondo wa kiwango cha CD, yaani biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde. Kati ya majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, sawa na kurusha sarafu. Haki inanilazimu niseme kwamba mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alijumlisha majaribio mengi ya namna hiyo na kukuta wasikilizaji, hasa waliofunzwa, walizidi kubahatisha kwa kiasi kidogo lakini halisi. Hata hivyo, neno la kushika hapo ni "kidogo". Mtu anayelipa maradufu kwa tofauti hiyo huku spika zake zimejibanza kwenye kona ya chumba ameanza kazi kutokea mwisho.

Jambo moja kuhusu kasi. Kumbukumbu ya sauti yenyewe, si maelezo yake, hudumu sekunde chache tu. Muuzaji akichukua dakika kumi kuchomoa nyaya na kuchomeka nyingine huku anakusimulia historia ya kiwanda, unapokuja kusikiliza tena unalinganisha sauti na hadithi. Swichi ya papo kwa papo hubadilisha kila kitu. Baada yake ndipo uje usikilizaji mrefu, wa albamu nzima, ambao hautumiki kugundua tofauti ndogo bali kugundua uchovu.

Nyimbo zipi? Usikubali za muuzaji peke yake. Zimechaguliwa kwa sababu zinasikika vizuri kwenye karibu kila kitu: mwanamke mmoja anayeimba taratibu, gitaa moja, ukimya mwingi. Chukua zako, faili zisizobanwa, na ziwemo ambazo unajua zimerekodiwa vibaya. Toole ameuita mtego uliopo hapa duara la mkanganyiko: rekodi hutengenezwa na watu wanaozisikiliza kwenye spika fulani, kisha sisi tunazitumia rekodi hizo kuhukumu spika. Wimbo ukiwa mkali masikioni, hujui kosa ni la studio au la spika. Namna ya kutoka ni kutumia rekodi nyingi zisizo na undugu. Kasoro ikijitokeza katika zote, ni ya spika. Ikijitokeza katika moja, ni ya rekodi.

Katika hizo, usikose sauti ya mtu anayezungumza, bila muziki. Tumeisikia sauti ya binadamu maisha yetu yote na hatudanganyiki kirahisi. Sikiliza kama msemaji anasikika amezibwa pua, au kifua chake kimevimba kuliko mtu wa kawaida, au kila "s" inachoma kama sindano. Ukiona vivyo, hakuna waya utakaoviponya. Na kuna hila nyingine ambayo maduka hayaipendi kwa sababu inapunguza utamu wa onyesho: sikiliza spika moja peke yake. Utafiti wa Toole ulionyesha kwamba wasikilizaji huzitambua kasoro za spika kwa ukali zaidi katika mono (spika moja) kuliko katika stirio (spika mbili), kwa sababu upana wa stirio hupumbaza sikio. Spika inayopendeza ikiwa peke yake karibu kila mara hupendeza zikiwa mbili. Kinyume chake si hakika.

Kuhusu kuoanisha amplifaya na spika, hesabu ni fupi. Kuongeza desibeli 3 kunahitaji wati mara mbili; desibeli 10 zinahitaji mara kumi. Spika ya desibeli 86 kwa wati 1 itatoa 96 kwa wati 10 na 106 kwa wati 100, ukiwa umbali wa mita 1. Kwa hiyo kuhama kutoka wati 50 kwenda 100 ni desibeli 3 tu, na si sababu ya kubadilisha amplifaya. Kinachofaa kuangaliwa ni ukinzani, yaani kiasi ambacho spika huzuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu. Spika ya omu 4 inadai mkondo wa umeme maradufu ya ile ya omu 8, na zipo zinazoandikwa 8 huku zikishuka chini sana katika masafa fulani. Nenda na amplifaya yako dukani ikiwa inabebeka. Amplifaya za valvu (zile za mirija ya kioo) hasa hubadilisha sauti kulingana na ukinzani wa spika, kwa hiyo kuzisikia na spika za mtu mwingine hakukuambii mengi.

Hedifoni zinakuondolea chumba lakini zinakuletea kichwa chako. Ufa mdogo kati ya mto na shavu, labda kwa ajili ya miwani au nywele, humwaga besi yote. Jaribu ukiwa umevaa miwani yako, kaa nazo nusu saa, na kama zinakubana baada ya dakika ishirini, sifa zake nyingine hazitakufaa kitu.

Masikio nayo yafike yakiwa mazima. Baada ya safari ndefu yenye makelele, uwezo wa kusikia hushuka kwa muda. Pumzika kwanza au nenda siku nyingine. Na kama umri umekwenda, pima masikio. Katika majaribio ya Toole, waliopoteza usikivu walitoa hukumu zilizoyumba kutoka siku moja hadi nyingine kwa spika ileile.

Yote haya yanaelekea kwenye ombi moja: chombo kije nyumbani kabla ya kulipiwa, au kiwe na muda wa kurudishwa. Hapo utaambiwa kwamba spika zinahitaji mamia ya saa "kulainika". Wufa mpya, yaani sehemu ya spika inayotoa besi, hulegea kidogo katika saa za mwanzo, hilo ni kweli, lakini mabadiliko mengi ya wiki za baadaye ni ya sikio kuzoea. Linganisha saa hizo na muda wa kurudisha. Ikiwa spika "hukomaa" siku chache baada ya muda huo kwisha, omba uongezewe muda kwa maandishi.

Zikishafika, zihamishe chumbani kwa siku kadhaa kabla ya kuhukumu besi: karibu na ukuta, mbali na ukuta, na kiti nacho kisogee. Siku chache kabla ya muda kwisha, rudisha vyombo vyako vya zamani kwa jioni nzima, viwango vikiwa vimelinganishwa, usikie kama kuna unachokikosa ambacho unaweza kukitaja kwa jina. Tunza maboksi na sponji zake zote, na uulize mapema gharama ya kuzirudisha ni ya nani, kwa sababu jozi ya spika za kusimama sakafuni inaweza kuwa nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili kuibeba.